Neno la Siri la Taifa

Nchi hii haipo. Tumeitafuta kwenye ramani tukaikosa, na wewe msomaji ukiiona mahali fulani, tafadhali geuza macho na uendelee na shughuli zako. Watu wake ni wazuri, viongozi wake ni wazuri zaidi, na kama kuna ubaya wowote humu ndani basi umeletwa na msimulizi.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo aliishi Mzee Melkiori Luhanga, mjumbe wa nyumba kumi. Kwingineko mjumbe wa nyumba kumi ni mtu wa kusuluhisha ugomvi wa kuku na kuandikia barua watu wanaohama. Hapa cheo kilikuwa kimekua. Serikali iligundua kwamba intaneti ikimwagwa ovyo, kila mtu na simu yake, wananchi huumwa vichwa na kuanza kuuliza maswali. Kwa huruma yake ikaifunga. Kisha kwa huruma ileile ikaifungua kidogo: kila nyumba kumi zipewe simu janja moja, ishikwe na mjumbe, iwashwe hotspoti, na majirani wote waje kujiunga hapo hapo uani kwake, wakiwa wamekaa chini na nyuso zao zinaonekana vizuri.

Mzee Melkiori alistahili heshima hiyo. Alikuwa amestaafu kazi ya kutangaza treni stesheni. Treni zilishakufa siku nyingi, lakini sauti ilibaki, na alipenda kuitumia hata anapoomba chumvi.

Simu ziligawiwa uwanja wa mpira, na aliyezigawa ni Waziri wa Mawimbi mwenyewe, Profesa Anakleti Makwinya. Alipanda jukwaani amevaa miwani mbili, moja ya jua na nyingine ya kusomea, akaeleza usalama wa hotspoti kwa muda unaotosha watu wawili kuzimia.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "hotspoti isiyo na neno la siri ni nyumba isiyo na mlango. Sisi tumewatafutia mlango. Tulisafiri ng'ambo kujifunza, tukarudi, tukasafiri tena kuhakikisha kama tulichojifunza bado kipo. Wataalamu wa huko walitushauri nini? Walisema kila mtu aweke neno lake mwenyewe, refu, lenye herufi kubwa na ndogo na tarakimu, neno ambalo mwingine hawezi kulikisia. Kila mtu na lake! Mnaiona njama hiyo? Taifa moja, maneno milioni!"

Uwanja ulizomea wataalamu wa ng'ambo mpaka vumbi likatimka.

"Tumekataa! Neno la siri litakuwa moja tu, nchi nzima, nalo ni hili: MleziMkuuMilele. Yameshikana, na M zote tatu ni kubwa. Atakayeandika M ndogo atajieleza."

Mlezi Mkuu alikuwa ndiye kiongozi wa nchi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, na amekuwa nao tangu Mzee Melkiori alipokuwa kijana.

Mwalimu mmoja mstaafu alinyoosha mkono, akauliza je, adui naye akilijua neno hilo itakuwaje. Waziri alitabasamu kwa upole.

"Adui atajaribu maneno yote ya dunia hii," alisema, "lakini hilo hataweza kuliandika. Mkono wake utatetemeka! Chuki aliyonayo haitamruhusu!"

Watu walishangilia, wengine walilia. Yule mwalimu alisaidiwa kukaa, kisha akasaidiwa kusimama, kisha akasaidiwa kuingia kwenye gari.

Basi Neno la Siri la Taifa likaenea. Liliandikwa kwa rangi kwenye kuta za masoko, likaimbwa na kwaya, likachapwa kwenye kanga, na watoto wa darasa la kwanza walilitungia mchezo wa kuruka kamba. Jina la hotspoti nalo halikuachwa hivi hivi. Kila mjumbe aliamriwa kuweka jina lake kamili, la kwake na la baba yake, na nyumba anayoishi, kwa kuwa sheria ilikuwa fupi na rahisi kukumbuka: lolote litakalopita kwenye hotspoti ni la mwenye hotspoti.

*

Mzee Melkiori aliishi na binti yake wa mwisho, Perpetua, aliyefundisha chekechea. Mama yake alipofariki, Perpetua alirudi nyumbani na sanduku moja, akasema amekuja kwa wiki mbili, na hakuondoka tena. Ndiye aliyempimia baba yake dawa ya sukari, ndiye aliyemficha asali, na ndiye mtu pekee duniani aliyethubutu kumwambia, "Baba, punguza sauti, treni imeshapita." Mzee alimpenda. Tuliseme hilo wazi mapema, maana huko mbele msomaji anaweza kulisahau.

Ijumaa ilikuwa siku ya intaneti. Majirani walijaa uani. Mama Ubwa, muuza maandazi wa nyumba ya pili, alikaa kwenye kigoda chake kuangalia picha za wajukuu. Shomari, fundi baiskeli, alikaa kwenye mzizi wa mchongoma akiangalia mpira. Na nje ya ua, kila Ijumaa, ilisimama pikapu nyeupe isiyo na namba, vioo vyeusi, injini inanguruma taratibu. Hakuna aliyeiuliza. Katika nchi hiyo gari lisilo na namba ndilo lenye mwenyewe.

Ijumaa moja Perpetua alikaa karibu na baba yake, simu mkononi.

"Baba, hebu ona. Hapa inaonyesha waliojiunga. Huyu Mama Ubwa, huyu Shomari, huyu mimi. Na huyu asiye na jina ni nani?"

"Mgeni," alisema Mzee.

"Mgeni gani hajapiga hodi?"

"Hodi amepiga. Ameandika Neno la Siri la Taifa. Mtu aliyeandika neno lile ni mwenzetu."

"Baba, neno lenyewe liko kwenye kanga niliyovaa."

Mzee aliitazama kanga. Kweli lilikuwepo, pindo mpaka pindo, na M zote tatu kubwa.

"Simu yenyewe inatushauri," Perpetua aliendelea kwa sauti ya chini. "Tuweke neno letu, tuwape majirani tu. Tupunguze idadi ya simu zinazoweza kuingia. Na watu wakiondoka tuzime, siyo inawaka mchana kutwa mtu yeyote apite aandike anachotaka kwa jina lako. Jina lako liko hapo, baba. Lako na la babu."

"Kwa hiyo niondoe jina la Mlezi Mkuu niweke nini? Jina la mbuzi?"

"Hata la mbuzi, mradi mbuzi mwenyewe hajulikani."

Mama Ubwa alisikia, akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba hakusikia.

*

Ijumaa iliyofuata ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu, akitimiza tena miaka hamsini. Ukurasa wa Taifa ulipambwa na picha yake akikata keki, mkono mmoja umeshika kisu na mkono wa mtu mwingine umeshika mkono wake. Wananchi walitakiwa kuandika pongezi chini ya picha. Uani kwa Mzee Melkiori kila mtu aliandika, na aliyemaliza aliandika tena ili asionekane amemaliza mapema. Pikapu nyeupe ilikaa kuliko siku zote.

Jumamosi asubuhi, Mzee akiwa bafuni, Perpetua aliichukua simu, akafungua mipangilio, akafuta Neno la Siri la Taifa, akaweka neno lake. Mchana alimwambia baba yake, mbele ya sahani ya ugali na samaki wa kukaanga.

Mzee aliacha kutafuna. "Rudisha."

"Nitarudisha, baba. Acha kwanza hii pikapu ije ishindwe, ikate tamaa, iende kwa mjumbe mwingine. Halafu narudisha, hakuna atakayejua."

"Rudisha sasa hivi, Perpetua."

"Kula kwanza. Samaki anapoa."

Mzee alikula. Samaki alikuwa mtamu, na ukweli ni kwamba wazo la pikapu kwenda kwa mjumbe mwingine lilimpendeza. Hakusema tena rudisha.

*

Jumapili, watu wakitoka kanisani, alifika Kamishna wa Hewa wa Wizara ya Mawimbi, Dunstani Ngwali, na askari wanne na kiti chake mwenyewe. Alikuwa mtu mpole sana. Waliowahi kuhojiwa naye walisema hajawahi kupandisha sauti, yaani wale waliorudi. Majirani waliitwa uani. Perpetua akaleta vitumbua na chai, maana mgeni ni mgeni.

"Mzee wangu," alianza Kamishna, "shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alijibu Mzee, na sauti ya stesheni ilitoka nusu.

"Juzi Ijumaa, chini ya picha ya keki, kuna mtu ameandika maneno mawili: Mzee kazeeka. Sitayarudia. Yamepita kwenye hotspoti inayoitwa Melkiori Luhanga, nyumba ya kwanza. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, lakini..."

"Ngoja kidogo nijiunge, nikuonyeshe."

Kamishna alitoa simu yake, akaandika, akasubiri. Akaandika tena. Uso wake ukabadilika polepole. Akampa askari wa kwanza aandike, naye akampa wa pili. Wa tatu alivua kofia.

"Mjumbe," alisema Kamishna kwa upole uleule, "mimi nimeandika MleziMkuuMilele. Na simu uliyopewa na Serikali imenijibu kwamba si sahihi."

Askari wa nne alikwenda kusimama kwenye mlango wa ua.

"Tumekuja na kosa moja, tumekuta mawili," aliendelea. "Lakini msiogope, sheria yetu haionei. Inataka mtu mmoja tu. Nani amebadilisha neno?"

Perpetua alijifuta mikono. "Mimi. Baba hakuniagiza."

"Ahsante, binti. Umenirahisishia. Sasa limebaki jambo dogo la siku." Kamishna aliuma kitumbua, akatafuna taratibu, kwa sababu alikuwa na malezi mazuri na hakuongea chakula kikiwa mdomoni. "Ikiwa Ijumaa Neno la Taifa lilikuwa bado lipo, basi nchi nzima ingeweza kuingia, mlinzi wa hotspoti ameshindwa kuilinda, na tusi ni lako, Mzee. Huyu binti tutamkanya tu, akafundishe watoto wake. Lakini ikiwa Ijumaa neno lilikuwa limeshabadilishwa, hakuna mgeni aliyeweza kuingia. Aliyebadilisha ndiye aliyetukana, na wewe huna neno. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Lilibadilishwa lini?"

Perpetua alifungua mdomo, Kamishna akainua kidole. "Siyo wewe, binti. Mtuhumiwa hujipendelea. Namuuliza mwenye simu."

Perpetua alimgeukia baba yake. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alimtazama vile unavyomtazama mtu uliyemwachia mkoba wako akushikie uingie dukani mara moja.

Mzee Melkiori alifikiria mambo mengi kwa haraka. Alifikiria sukari yake, na sakafu za huko jinsi zinavyosemwa kuwa na maji. Alifikiria kwamba msichana ni kijana, ana damu, watamwonea huruma, watamrudisha. Alifikiria kwamba hata yeye mwenyewe hakutuma mtu abadilishe neno, alisema rudisha, alisema mara mbili. Yote hayo yalikuwa kweli, ndiyo maana yalimsaidia.

"Alhamisi," alisema.

Mama Ubwa aliinamisha kichwa. Kamishna aliwageukia majirani. "Nyie Ijumaa mlikuwa hapa. Mliingia kwa neno gani?"

"Mimi macho mabovu, baba," alisema Mama Ubwa. "Huwa naandikiwa."

"Unaandikiwa na nani?"

"Na huyo huyo binti."

"Mimi Ijumaa simu haikuwa na chaji," alisema Shomari. "Nilikuja kusalimia tu."

Wengine nao walikuwa na macho mabovu, au hawakuwa na chaji, na mmoja alikumbuka kwamba amesafiri.

Perpetua hakulia. Alivuta pumzi kama mtu anayetafuta jinsi ya kumwelezea mtoto jambo gumu, kisha akaacha. Askari alipomshika mkono alisema: "Baba, dawa yako iko kabatini, upande wa kulia. Usiichanganye na ile ya asubuhi. Na ule kwanza ndiyo unywe."

Alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Kamishna alimaliza vitumbua, akavisifu.

*

Mzee Melkiori alitangazwa Mjumbe Bora. Alivishwa skafu, akapewa muda redioni kuzungumzia mada ya "Uaminifu Unaanzia Nyumbani Kwako". Neno la Siri la Taifa lilirudishwa kwenye simu yake kwa sherehe, kwaya ikaimba. Wakati wa maswali mtangazaji alimuuliza ana ujumbe gani kwa wazazi, naye akasema, kwa sauti yake yote, kwamba mzazi ajue mtoto wake anashika nini.

Kilichomshangaza ni majirani. Alidhani watamsusia. Alijiandaa kwa hilo, alikuwa na maneno ya kuwajibu. Lakini Ijumaa walikuja wote kama kawaida, wakacheka kama kawaida, na Mama Ubwa alimletea maandazi, manne, yenye sukari nyingi, kwa sababu sasa hapakuwa na wa kumzuia. Hakuna aliyemtaja Perpetua. Walimwita "Mjumbe wetu" kwa uchangamfu unaotia baridi, na wakati wa kuondoka kila mmoja alimshukuru kwa mkono, mmoja mmoja, hakuna aliyemtazama machoni. Mzee alianza kuitamani lawama. Aliamini mtu akimlaumu angeweza kujitetea, na akijitetea angejisikia vizuri.

Ijumaa moja pikapu nyeupe iliposimama, dereva alishuka, akapiga hodi, akaomba maji. Alikuwa kijana mcheshi, fulana yake imeandikwa kifuani: Wizara ya Mawimbi, Kitengo cha Ukaguzi.

"Ukaguzi wa nini, mwanangu?" Mzee aliuliza.

"Wa usalama wa hotspoti, mzee. Tunazunguka. Tukiona hotspoti inafunguka kwa neno la Taifa, tunaingia, tunaandika tusi dogo, tunaona mwenyewe atachukua hatua gani. Asipochukua, hayuko salama. Ni kazi ya kitaalamu, ina semina." Alikunywa maji akamaliza. "Hata hapa kwako tuliingia ile siku ya keki. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika. Mzee kazeeka! Tulicheka sana ndani ya gari. Ahsante kwa maji."

Mzee Melkiori alibaki amesimama na kikombe.

*

Jumatatu alivaa skafu yake, akaenda ofisini kwa Kamishna wa Hewa. Alipokelewa vizuri mno. Alipewa kiti cha mto na chai isiyo na sukari, maana Kamishna alikuwa amejua afya yake.

"Binti yangu hana kosa," alisema Mzee. Sauti ilimtoka ndogo, karibu asijitambue. "Tusi ni la wakaguzi wako."

"Tunajua," alisema Kamishna. "Nililiidhinisha mimi. Zuri lile, fupi."

"Sasa kwa nini...?"

"Mzee wangu, hii kesi haikuwa ya tusi hata siku moja. Ni kesi ya Alhamisi." Kamishna alisogeza kiti karibu, kama daktari. "Wakaguzi wangu waliingia Ijumaa. Wewe umesema neno lilibadilishwa Alhamisi. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli, na mimi jambo hilo linaninyima usingizi. Kwa hiyo vizuri umekuja. Ukiniambia ulikosea, kwamba ilikuwa Jumamosi, binti yako anatoka leo hii, kwa mlango ule unaouona. Wewe utaingia kwa mlango huohuo. Kitanda ni kilekile, hatuna haja hata ya kubadilisha shuka."

Mzee aliutazama mlango. Ulikuwa mlango wa mbao wa kawaida, umepakwa rangi ya kijani mpaka nusu.

"Na nisipobadilisha?"

"Basi nitalazimika kutafuta wakaguzi wangu waliingiaje. Jibu litakuwa moja: yule aliyekuwa na neno jipya aliwapa. Kutoa neno la siri la hotspoti ya Serikali kwa watu asiowajua. Hilo ni kosa kubwa kuliko tusi, mzee wangu. Kwa tusi mtu hufungwa, akatoka." Kamishna alimiminia chai nyingine. "Sikuharakishi. Huko ndani anaulizia hali yako kila siku. Anauliza kama unakunywa dawa."

Safari hii hapakuwa na askari wa kumtazama, wala majirani, wala mtu wa kumharakisha. Mzee Melkiori alikuwa na muda wote aliouhitaji, na aliutumia. Alimwona Perpetua akija na sanduku lake moja. Aliona sakafu yenye maji. Aliona Ijumaa, uani, watu wakimshukuru kwa mkono. Alilia kidogo, machozi ya kweli, na Kamishna alimpa kitambaa.

Alipomaliza kujifuta alikunja kitambaa vizuri, akakiweka juu ya meza.

"Ilikuwa Alhamisi," alisema. "Asubuhi. Na mimi niliwaona kwa macho yangu, akiwapa hilo neno dirishani mwa gari."

Kamishna alinyanyuka, akamsindikiza mpaka mlango wa nje. Akamwambia ashuke ngazi polepole, zimetoka kupigwa deki na zinateleza. Mzee alimshukuru, akashika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, akashuka.